Unesi Niliopewa na Dalali

Jumanne

Eti mimi nesi! Dalali ndiye aliyenifundisha: "Dada, yule mama anapangisha wanachuo tu. Sema unasomea unesi, chumba unapata leo leo."

Nikakubali. Shangazi anataka nimwachie chumba chake hapa Ujiji kabla ya Ijumaa, mwanawe anaoa.

Mama mwenye nyumba alinipenda kabisa. Dirisha linatazama ziwa, harufu ya dagaa wanaoanikwa hapo mwaloni Kibirizi inaingia mpaka ndani, nikaona hapa ndipo. Mara akatoa mashine ya presha kabatini. "Mwanangu, hebu nipime. Kichwa kinanigonga tangu asubuhi."

Nikaishika ile mashine, nikaogopa. Nimwambie yuko sawa, halafu aanguke?

"Mama, nisamehe. Mimi si nesi. Mimi fundi simu, nimejifundisha mwenyewe. Twende zahanati, nakusindikiza."

"Kumbe muongo!" Lakini njia nzima alinishika mkono. Presha ilikuwa juu kweli, wakampa dawa.

Tunarudi, akasema, "Chumba chukua. Ila wapangaji wenzako waambie uko chuo, nimeshawatangazia nesi anakuja."

Nilichemka! "Mama, mlangoni kwangu nabandika FUNDI SIMU. Ukitaka nesi, tafuta nesi."

Akasema kama chumba bado changu, atanijibu kesho.

Naogopa, sikatai. Akikataa, Ijumaa sijui nalala... Lakini simu za watu nazifufua kwa mikono hii, halafu nijifiche? Kibao nimeshakiandika. Herufi kubwa, rangi nyekundu.