Baba Mkwe Mbele ya Kamba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mume wangu ananuka sabuni. Naandika tena kwa sababu ni tamu kuandika: mume wangu. Hapa mtaani Bungulu wanaume wengine hunuka petroli, au mbuzi, au kakao iliyolowa mvua. Jéthro wangu ananuka mawese yaliyotubu dhambi zao. Nikiinamia shingo yake asubuhi, nasahau kuwasha makaa.

Leo amenipa cheo. Amefunga kamba nyekundu kati ya nguzo mbili za hangari, banda letu la kazi, kutenga mahali pa kuchanganyia soude — ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Ukiitazama ni nyeupe na mpole kama chumvi, lakini inakula nyama ya mtu. Akasema kwa kuwa shuleni nilisoma chimie-biologie, kemia na viumbe, mimi ndiye chef wa kamba, msimamizi wake. Asiye na miwani ya kukinga macho, gants za mpira za kufunika mikono mpaka viwiko, tablier ya plastiki ya kukinga nguo na buti, havuki.

"Hata mimi," akasema. "Hata mwenye parsele, mwenye kiwanja chote."

Akanivalisha miwani mwenyewe, polepole, kama alivyonivalisha pete kanisani. Pete yenyewe sasa inaning'inia kwenye msumari kila tukiwa kazini, maana soude hupenda kujificha chini yake. Pembeni ya msumari nimechomeka ua. Nikamtazama mume wangu kupitia ile plastiki iliyokwaruzika. Bado mzuri!

Jumanne, 9 Julai

Habari kubwa. Baba yake Jéthro, Papa Kahongya, anakuja Ijumaa kutoka Butembo. Parsele ni yake, hangari ni yake. Mnunuzi mmoja wa kakao wa Oicha amemwomba hangari iwe depo. Papa amejibu kwamba atakuja kwanza kuona kama sabuni ni kazi au mchezo wa watoto, halafu ataamua. Akichagua kakao, mapipa yetu tutayapeleka wapi? Jéthro alicheka aliponieleza. Lakini ugali wake ulipoa bila kuguswa, na mimi naijua njaa ya mume wangu.

Victoire, dada yake mdogo anayekaa nasi, amenifundisha adabu zote upya. Mke mpya hamgusi baba mkwe. Hamwangalii usoni. Hatamki jina lake. (Nimeliandika hapo juu, karatasi haina masikio.) Hampi kitu mkono kwa mkono: anakiweka kwenye kigoda, anarudi nyuma, baba anajichukulia. Na hamwamuru, kamwe. Ni hivyo mpaka siku baba mwenyewe atakapomfungulia mlango.

"Na akitaka kuvuka kamba bila miwani?"

Victoire akafikiri. "Utasemesha kuku."

Kumbe mama yao alifanya hivyo na mkwe wake kwa miaka. Kila neno aliambiwa kuku, mzee akajisikilizia. "Kuku njo téléphone yetu," akasema Victoire.

Kuku tunaye. Tulipewa na kwaya siku ya harusi. Sura yake si ya mtu anayefikisha ujumbe, lakini tutaona.

Ijumaa, 12 Julai

Wamefika, yeye na mkewe, Mama Kasika. Papa amevaa suti, kofia, na viatu vinavyong'aa kuliko dirisha letu. Niliweka chai kwenye kigoda, nikarudi nyuma, akaichukua. Victoire alinikonyeza. Mpaka hapo mimi ni mkamwana wa kupigiwa mfano.

Kisha zawadi: sufuria kubwa ya alumini, na ubavuni fundi wa Butembo amechonga JÉTHRO NA KAVUGHO. Sijawahi kuona majina mawili yakikaa pamoja vizuri hivyo. Nililia kidogo. Papa alijifanya anatazama paa.

Jioni akakagua hangari. Alipoiona ndoo yetu ya plastiki nene, uso ukamshuka. "Mutoto wangu anafanya kazi na ndoo ya choo?"

Jéthro akaeleza kwa upole: soude inakula alumini, plastiki haiigusi.

"Mi niliona alumini inapika maharagwe ya harusi tano," akasema Papa. "Hapana siku moja ililalamika."

Nilimwona mume wangu akimeza maneno. Hata akimeza maneno shingo yake ni nzuri.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Jéthro alichanganya soude: maji kwanza, soude baadaye, kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake. Akaiacha ndani ya ndoo ipoe. Pickup ya mawese kutoka Mutwanga ikapiga honi barabarani, naye akatoka kuipokea. Nilikuwa nimevaa vifaa vyangu vyote. Vya Papa nilivipanga kwenye kigoda.

Papa akaokota miwani kwa vidole viwili. "Hii ni ya kuogelea? Mi siendi mu ziwa." Mama Kasika akacheka. Basi, akainama na suti yake, akapita chini ya kamba, sufuria ya alumini kwapani.

Nikamgeukia kuku. "Wewe kuku, mutu akipita pale bila miwani, anaweza kupoteza jicho."

Kuku akadonoa punje.

"Kuku," akasema Papa, "ambia mwenzako, mi nilivuka Semuliki kwa miguu wakati baba yake angali anatambaa."

"Kuku, Semuliki ni maji. Ile haiko maji."

"Huyu kuku anajibu sana."

Ndipo nikaelewa anachotaka. Kwao chombo cha harusi huanzishwa na aliyekitoa. Watu wa ukoo wa Papa hawawezi kurudi nyumbani kabla zawadi yao haijafanya kazi yake ya kwanza, tena kwa mkono wao. Alitaka mwanawe akirudi aikute soude ndani ya sufuria ya heshima. Akainua ndoo, akamimina.

Ikaanza kama mtu anayenong'ona. Halafu ikachemka. Povu la kijivu likapanda, mvuke ukatoka, na Papa akainama kuchungulia kwa macho matupu, anatabasamu. "Muone! Inachemuka bila moto!" Alifurahi kama mtu aliyevumbua sabuni.

"Kuku—" nikaanza.

Wakati wa kuku ulikuwa umekwisha.

"Papa Kahongya! Rudi nyuma!"

Jina na amri kwa pumzi moja. Alishtuka, akaruka, kiatu kikaipiga sufuria, na povu likamwagika mapajani mwake. Akasema hapana kitu. Kisha uso ukabadilika.

Mama Kasika anaita mafuta ya mawese. Victoire anaita dentifrice, dawa ya meno. Nikasema hapana, maji, maji tu, mengi. Nikavuka kamba, nikamshika baba mkwe wangu kiunoni, nikamburuta mpaka kwenye pipa la maji tunaloliweka pale kwa ajili hiyo. Nikammwagia bidoni moja, dumu zima la maji, kisha ya pili, nikaacha kuhesabu.

"Papa, suruali."

Akashika mkanda kwa mikono miwili.

"Papa, soude inabaki ndani ya nguo. Itakula mpaka mfupa."

"Mama Jéthro!" akamwita mkewe. "Huyu mutoto ananivua!"

"Acha akuvue!" akajibu Mama Kasika. Hapo ndipo nilipompenda mama huyu milele.

Nikavuta. Gants zangu nyekundu zikiwa mikononi. Baba mkwe wangu akabaki na koti la suti, tai, kofia, na chupi ndefu yenye maua ya samawati. Majirani wakaota juu ya ukuta kama uyoga. Na katika saa hiyo hiyo mume wangu akaingia na watu wa pickup, kila mmoja na bidoni ya mawese begani. Wakasimama.

Niliendelea kumwaga maji. Sikumwangalia mtu. Mpaka mwisho kofia haikuanguka.

Infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, anasema ngozi imekuwa nyekundu kama nyanya lakini itapona, na macho hayakuguswa. Akauliza nani alimwaga maji. Papa akashusha kofia mpaka machoni. Akasema basi huyo mtu hakuona haya, na ndiyo maana ngozi ipo.

Sufuria imetoboka. Povu lilishuka mpaka ubavuni likala majina yetu. Limebaki NA peke yake. Jéthro amelitazama, akasema hilo ndilo neno analolihitaji. Nimeolewa na mshairi anayenuka sabuni.

Jumapili, 14 Julai

Papa amekaa chumbani amejifunga kitenge cha Mama Kasika. Chai anainywa nikishatoka.

Victoire amesikia: baba mdogo Luc ataitwa kutoka Butembo kwa kikao cha familia. Inaongelewa faini, mbuzi, na kama mimi nirudishwe kwetu nikafundishwe upya. Kuhusu hangari, Papa atatamka siku hiyo hiyo.

Baada ya ibada mnunuzi wa kakao alipita. Akaipima hangari yetu kwa hatua zake, anatabasamu.

Jéthro alinishika mkono mbele ya watu wote wa kanisa.

Jumatano, 17 Julai

Naandika nikiwa jikoni, nipate pa kuweka mikono. Nimeambiwa nisitoke mpaka niitwe. Dirisha linaniruhusu kuona.

Wote wako mbele ya hangari. Mbuzi amefungwa. Mnunuzi wa kakao amekuja na mita ya chuma ya kupimia. Papa amemwambia angoje pale langoni. Baba mdogo Luc amesimama, anaongea juu ya haya, juu ya wasichana wa siku hizi wanaosoma sana, vraiment, kweli kabisa, mpaka wanavua wazee. Jéthro anajibu. Anasema atalipa mbuzi, lakini mke harudi popote.

Jua limemfikia Luc. Bado anaongea, anarudi kinyumenyume kutafuta kivuli, anainua kamba apite—

Papa amemshika kola!

"We, miwani yako iko wapi?"

"Kaka, mi naenda tu kukaa."

"Pale hapana mutu anakaa na macho ya bure."

Mama Kasika ameficha uso ndani ya kitenge. Mabega yanatikisika kwa kicheko.

Victoire ameingia mbio. Papa anaomba vifaa vyake, miwani na gants na vyote. Nimevipanga kwenye kigoda, kama inavyotakiwa, nikampa avipeleke.

Amerudi navyo. Kigoda, gants, miwani, vyote.

"Anakataa. Anasema kigoda kibaki huku. Ulete weye mwenyewe."

Nimechungulia. Papa amesimama mbele ya kamba na kitenge chake, amempa mgongo mnunuzi wa kakao aliye langoni. Mkono ameunyoosha kuelekea mlango wa jikoni, kiganja kiko wazi. Jéthro pia anatazama mlango.

Vifaa viko mapajani mwangu. Kuku amelala katikati ya mlango.

Nimemwambia apishe.