Wimbo wa Rejista

Nateete, Kampala
15 Januari 1978

Ndugu yangu mpendwa Okullo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mdogo wako Ajok. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui, na ile baridi ya Nairobi uliyoilalamikia imekuhurumia kidogo. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, natembea, nalala saa chache. Zaidi ya hapo usiniulize kwanza.

Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa yule dereva wa lori, mume wa Nabwire, ambaye alikuwa ameishona ndani ya kiti chake. Nyuzi za fidla zimefika zote nne, na miwani ya Mama imefika bila kuvunjika. Asante sana. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu karatasi yenye Kilango, lugha ya kabila linalosakwa, ikishikwa mpakani hakuna atakayehangaika hata kuisoma kabla ya kumkamata aliyeibeba. Nawe ukishamaliza kuisoma, ichome.

Umeniuliza mambo mawili: kama bado napiga fidla, na Mama anaendeleaje. Niruhusu nianze na fidla. Nimejaribu kuanza na Mama mara tatu, na karatasi zote tatu nimezitia motoni.

Unakumbuka ulimbebea mwalimu Furtado masanduku yake mpaka stesheni, mwaka ule Wahindi na Wagoa walipofukuzwa. Ulikuwepo aliponikabidhi fidla yake, akisema afadhali ibaki kwangu kuliko kunyang'anywa njiani. Miaka saba alinifundisha pale Mengo, mimi binti wa sajenti wa polisi katikati ya mabinti wa wakubwa, na mitihani iliyotoka Uingereza niliifaulu yote isipokuwa wa mwisho, ambao haukufanyika kwa kuwa mtahini hakuja tena. Hayo unayajua. Usilolijua ni jinsi upigaji wangu ulivyoharibika, au ulivyopona, sijui niseme vipi. Nyuzi zilikatika na madukani hakuna. Nikachambua waya wa breki ya baiskeli, nikaongeza na uzi wa kuvulia samaki. Sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, na vile vipande vya mwalimu vikagoma kabisa. Basi nikaishusha fidla begani, nikaiweka pajani, nikaanza kuimba nayo maneno yangu mwenyewe, mengine Kiswahili, mengine Kiganda, mengine ya kwetu. Kiongozi wa kwaya aliniambia mbele ya watu kwamba nimeigeuza fidla kuwa endingidi, zeze la uzi mmoja la kuchezea pombe, na kwamba nisirudi kanisani nayo mpaka nikumbuke namna ya kuishika. Nilikwenda nyumbani nikilia. Wiki hiyohiyo nilitunga nyimbo mbili.

Siku ya tatu baada ya wewe kukimbia, mwaka jana askari wa kabila letu walipoanza kusakwa, watu wa usalama walikuja kwenye flati yetu ya Bugolobi. Walichukua redio, godoro, na picha yako ya sare. Mimi na Mama tulihamia hapa Nateete, chumba cha nyuma ya hoteli ya Rehemah, yule mjane wa Kinubi aliyekuwa rafiki wa Mama tangu tulipokaa kambi ya polisi. Rehemah hakutuuliza tutakaa mpaka lini. Alisema tu kwamba kila Jumamosi alasiri, soko likipungua, nipige na kuimba kwa wateja wake. Mama, unamjua alivyookoka, hakuweka mguu ndani ya hoteli hata siku moja. Alikaa uani akichambua mboga, akisikia kila kitu kupitia ukutani, halafu jioni akinirekebisha maneno niliyoyatamka vibaya, kana kwamba ameyaota.

Kisha mwezi wa tatu walimchukua Okot, karani, mume wa Amito jirani yetu. Walimtoa ofisini mchana. Baada ya siku kumi shemeji yake aliuona mwili na kuutambua, lakini Amito alionywa kwamba akithubutu kulia atafuatwa. Akawa anapika, anafua, anasalimia watu, macho makavu. Siku moja aliniambia ombi lake lilikuwa dogo tu: jina la mumewe litajwe mahali penye watu, basi.

Hapo ndipo nilipotunga wimbo wa rejista. Ni mwalimu anaita majina darasani asubuhi. Naita jina, na fidla inajibu kwa noti moja fupi, kama mtoto anayesema nipo. Naita la pili, nipo. La tatu, nipo. Nilipofika kwa Okot, nikauinua upinde juu, nikahesabu nne kimya, kisha nikaendelea na jina lililofuata. Wageni walidhani ni wimbo wa watoto. Wenyeji walielewa siku ileile. Amito alikuwa amesimama karibu na mlango, na niliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wakaanza kuja. Wanawake walinisimamisha kwenye foleni ya sukari, wanaume walijifanya wananiuliza saa, kila mmoja akaniachia jina. Nilikuwa na sharti moja tu, nalo nililishika: sikuimba jina kwa tetesi. Ilikuwa lazima mtu wa familia awe ameuona mwili, au awe ameambiwa na aliyeuona. Kwa hiyo Nateete nzima ilijua kwamba wimbo ule hausemi uongo. Jina likinyamaziwa Jumamosi, Jumapili watu walikwenda kwa ile familia kimyakimya, na matanga yakawa. Mpaka mwezi wa nane yalikuwa majina manane. Okullo, nakiri nilijivuna. Nilijiambia kwamba kumbe miaka yote saba ya mwalimu Furtado ilikuwa kwa ajili ya kunifundisha kunyamaza kwa hesabu.

Sasa nikuambie habari za Sulaimani. Utamkumbuka, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, safu ya pili kambini, kapera aliyekuwa akija kula kwa Mama kila Ijumaa. Siku hizi hapigi tarumbeta. Anafanya kazi katika ile ofisi ambayo watu hawaitaji kwa jina. Kuanzia mwezi wa tatu yeye ndiye aliyetumwa kwetu kila baada ya wiki mbili. Alikunywa chai ya Mama, akauliza afya yake, kisha akauliza Okullo yuko wapi. Mama alimjibu kila mara kwamba hajui, na ilikuwa kweli. Mimi nilijua. Mwezi wa nne mume wa Nabwire aliniletea habari kwamba umefika salama na unalala kwa Obwona, yule rafiki yako wa shule. Sikumwambia Mama. Unamfahamu. Mama alirudi dukani kutoka nusu ya njia kukiri kwamba amepewa chumvi ya ziada. Angeulizwa angesema, na kusema kwake kungekuua wewe na Obwona, na mume wa Nabwire, na mimi.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Sulaimani alikuja siku isiyo yake. Alinikuta nimekaa peke yangu hotelini nikisafisha fidla. Hakukaa kitini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wakubwa zake wamechoka na chai. Jumatatu Mama atachukuliwa aulizwe kwao. Nilimshika mkono nikamwomba kwa jina la marehemu baba. Akasema faili la mtu hufungwa kwa njia moja tu, mwenyewe akiwa amekufa. Akatazama fidla. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kule ofisini kwamba wimbo wangu ni wa watoto, lakini masikio anayo, na anajua Nateete nzima inauamini. Akaniuliza, "Kwenye rejista yako, Okullo yupo au hayupo?" Kisha akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitega au ananiokoa. Huenda hata yeye hajui.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilitafuta njia nyingine siku mbili. Nilifikiri kumtorosha Mama, lakini miguu yake ilikuwa imevimba, asingeweza hata kufika stendi ya teksi bila kupumzika mara mbili. Nilifikiri kumwambia ukweli na kumsihi adanganye mara moja tu maishani. Nilimtazama akisali nikaona haiwezekani.

Okullo, jina la tisa lilikuwa lako.

Niliimba Jumamosi ile hoteli ikiwa imejaa. Sulaimani alikuwa nje, ameegemea gari. Niliita majina, fidla ikajibu. Nikaliita jina lako, nikauinua upinde. Sijawahi kuhesabu nne ndefu kama zile. Rehemah aliweka birika chini. Na upande wa pili wa ukuta nikasikia sinia la mboga likianguka.

Sikuwa nimemwonya. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamwahi kabla hajaelewa, nitabuni neno. Nilipofika uani alikuwa bado amekaa. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Nani amekuambia?" Nikamwambia ni askari mmoja wa gereza la Luzira. Akauliza kama uliteseka. Nikasema hapana, ilikuwa risasi moja. Maneno yalinitoka bila kukwama, kama mtu aliyekuwa ameyatunga siku nyingi. Akanishika kichwa akaniambia pole mwanangu, umebeba peke yako. Pole alinipa mimi!

Watu walikuja matangani. Sulaimani naye alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani, akampa Mama mkono wa pole, na tangu siku ile hakuna aliyekuja kutuuliza habari zako. Faili lilifungwa.

Lakini Mama hakuinuka tena. Alikuwa akila vijiko viwili vya uji anashiba. Presha ilipanda, na dawa yake hatukuipata mahali popote. Kila siku nilijiambia kwamba kesho nitamwambia, kesho Sulaimani atahamishwa, kesho mambo yatabadilika. Wiki ya kumi na moja tulimpeleka hospitali. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vimegusana, na mgonjwa wa pembeni alikuwa mke wa askari. Alipoanza kupumua vibaya niliona siwezi tena. Niliinama sikioni mwake nikamwambia, "Mama, Okullo yuko."

Akafumbua macho. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu uondoke. Akasema, "Ndiyo, yuko. Nami nakwenda kwake."

Alidhani nasema mbinguni. Nilikuwa na muda wa kumsahihisha, ndugu yangu, usije ukafikiri sikuwa nao. Alikaa karibu saa nzima baada ya hapo. Nilimtazama yule mke wa askari, nikatazama uso wa Mama ulivyotulia, nikanyamaza. Alifariki tarehe 26 Novemba, saa tisa ya mchana, akiamini kwamba anakufuata. Kumpeleka nyumbani Lira hatukuweza, petroli hakuna na barabara ina vizuizi kila baada ya maili chache. Amelala katika makaburi ya kanisa hapa Nateete. Waliomwosha ni Rehemah na Amito pamoja nami.

Sasa unajua. Ulidhani Mama amekukasirikia ndiyo maana hatumi neno. Hakukukasirikia. Alikulilia mpaka akaisha, na machozi yale niliyaweka mimi.

Kuhusu fidla, jibu ni kwamba sijapiga tangu mazishi. Watu bado wananiletea majina. Jana mama mmoja kutoka Mengo aliniletea majina mawili, la mume na la mtoto wake wa kiume, akaniambia ameniamini kwa sababu wimbo wangu una ukweli. Nilipokea majina yake. Ningemwambia nini?

Na kuna jambo la mwisho. Juzi Sulaimani alipita tena, hakuingia, alizungumza akiwa amenipa mgongo kama anayenunua mahindi. Alisema kuna mtu amewaeleza wakubwa zake maana ya ule ukimya, na kwamba yeye hawezi tena kuandika kuwa ni wimbo wa watoto. Aliniambia nisiwepo hapa baada ya wiki hii. Rehemah amekwisha kunifungia nguo zangu.

Lori la mume wa Nabwire linarudi Kampala Alhamisi na kuondoka Ijumaa asubuhi. Amekubali kunichukua, lakini sina mtu yeyote Nairobi isipokuwa wewe, na siwezi kuja kubisha mlangoni kwako kana kwamba nimekuja kutembea. Nimeliimba jina lako kati ya wafu ukiwa hai, nimempeleka mama yetu kaburini kwa hilo. Kama huwezi kunitazama usoni, sitakulaumu hata kidogo. Mwambie dereva neno moja tu, aje au asije. Akiniletea la pili nitatafuta njia ya Kongo, sijui kwa nani.

Wewe usirudi. Usije hata kaburini, hata ukiota Mama anakuita. Huku umekufa, na ni hilo tu linalokuweka hai.

Nisalimie Obwona na wote wa nyumbani kwake, umshukuru kwa kukupa mahali pa kulala. Rehemah, ambaye sasa ukweli anaujua, anakusalimu sana, Amito pia, japo yeye, kama wengine wote, anadhani salamu zake anamtumia marehemu. Alizisema jana kaburini kwa Mama, nami nakufikishia.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja Alhamisi,

Ajok