Mkojo wa Nyevu binti Kingi

Kibokoni, Mombasa
9 Machi 1966

Kwa dada yangu mpenzi Mwanabaraka,

Assalaam alaikum. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, na natumai wewe, shemeji Kamaludin na watoto hapo Lamu nyote hamjambo. Barua yako nimeipata. Umeuliza kwa nini Mama hakumwitikia Tumu alipopita kumsalimu, na kama uzee umemletea kiburi. Si kiburi, dada. Nivumilie nikueleze.

Wajua kazi yangu ni maabara ya hospitali, kutafuta vijidudu kwa darubini. Mwaka jana tuliletewa Dakta Jaffar, kijana aliyerudi kutoka Ulaya na tai tatu na akili moja: mkojo. Aliyeteguka mguu, mkojo. Aliyechomwa na mwiba wa samaki Liwatoni, mkojo. Mpagazi mmoja wa Shimanzi alikuja kumtazama nduguye tu, akaondoka na chupa mkononi. Na watu wetu, wajinga wa kutupwa, walifurahi. Daktari asiyepima kwao si daktari. Meza yangu ikajaa chupa, na wenye homa za kweli wakangoja majibu siku tatu.

Tena majibu yenyewe yalikuwa upuuzi. Chupa zile sisi huzichemsha. Lakini wanawake wetu, walivyolelewa, hawatii kitu katika chombo cha mtu kabla ya kukisuuza. Huona haya kukojoa hospitali, basi huenda na chupa nyumbani, wakaisuuza kwa maji ya kisima, nami nikakaa nahesabu wadudu wa kisimani. Nilikuwa nikiandika kwenye cheti kwamba chupa imesuuzwa, iletwe nyingine. Siku moja nikamshauri Jaffar kwamba asiyelalamikia mkojo asipimwe mkojo. Akanijibu mbele ya wauguzi: "Kazi yako kutazama, Gharib, si kufikiri."

Basi nikaacha kufikiri. Nilimdharau mtu yule hata nikaona raha kumlisha upuuzi wake mwenyewe. Kila chupa chafu niliandika wadudu wengi, nikanyamaza. Naye akaagiza sindano, nami nikamcheka moyoni, kama kwamba sindano zaingia mwilini mwake.

Mwezi wa Rajabu ililetwa chupa ya mtu anayeitwa Nyevu binti Kingi. Nilitazama mara moja tu nikawajua wadudu wale, ni wa kisima. Nikaandika wengi. Jaffar akampa sindano kali, kila siku kwa wiki tatu.

Kuanzia Ramadhani Mama akawa haitikii. Nilidhani ni uzee. Juma lililopita jirani yetu Mahfudha akanifichulia kwamba Mama aliteleza ngazini mwezi ule wa Rajabu, naye Mahfudha akampeleka hospitali kutazamwa kifundo cha mguu, kisha akawa anampeleka kila asubuhi kudungwa sindano, na Mama akamwapisha asiniambie. Jina aliloandikisha ni la marehemu somo yake, aliyemfunda alipoolewa. Nilimpigia kelele sikioni kumuuliza kwa nini alijificha. Akanitazama mdomo, akasema: "Ningekupa vipi mkojo wangu uutazame, mwanangu?"

Sindano zile, dada, huua masikio ya wazee, na mimi nilijua hayo. Jaffar bado anaagiza mikojo, na bado namdharau. Lakini yeye hakujua kwamba chupa ile ilikuwa na maji ya kisima. Mimi nilijua, na Mama sasa hasikii hata adhana.

Yeye asema ni kadari ya Mungu. Hukaa barazani akiniombea dua kwa sauti kubwa, maana haisikii sauti yake mwenyewe, na majirani wote huitikia amina. Sijamwambia. Nikinong'ona hasikii, na nikipaza sauti nitakuwa naungama mbele ya mtaa mzima.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama akusalimu sana, na auliza kwa mzaha mbona siku hizi sisi sote twanong'ona.

Wako mkosefu,
Gharib bin Faraj