Mstari wa Kwanza wa Kusoma Tangi

Mpendwa mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, nivumilie, maana mimi ni mzee mstaafu nipendaye kueleza, na jambo langu bila maelezo halieleweki. Kwa miaka ishirini na sita niliandika programu za kompyuta katika hospitali moja kubwa, na kazi ninayoikumbuka kwa mapenzi kuliko zote ni ile ya kuendesha pampu inayojaza tangi la maji juu ya paa, tuliyoifanya mimi na fundi bomba mmoja tuliyemwita Mzee Spana, katika kachumba chenye dirisha moja, harufu ya grisi na redio isiyozimwa, yeye akinitania, "Wewe msomi, mikono yako laini kama ya bibi harusi," nami nikimjibu, "Na wewe masikio yako yameota kutu," tunacheka, tunaendelea na kazi, na sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha kama ile.

Sasa, kifaa cha kupimia maji kilikuwa na tabia yake. Ukikisoma, kinakupa kipimo cha mara iliyopita, lakini kule kusomwa ndiko kunakokiamsha kipime upya. Kwa hiyo kila dakika tano programu yangu ilikisoma mara mbili: jibu la kwanza nalitupa, la pili nalitumia. Mzee Spana alielewa upesi kuliko wasomi wenzangu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusoma geji yoyote bila kugonga kioo chake kwanza kwa kidole. Akaniambia, "Andika hapo kwa nini unasoma mara mbili, bwana. Atakayekuja atadhani ulikuwa umelewa." Nikamwambia anayejua kazi ataelewa.

Mzee Spana ameshafariki. Mwaka huu mwanamke niliyemfundisha kazi tangu akiwa binti mdogo, ambaye sasa ni mkuu wa kitengo na bado ananiita Baba Mwalimu, aliipitisha programu ile kwenye kompaila mpya, yaani chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Kompaila ya enzi zetu ilitafsiri kila mstari kama ulivyo. Ya sasa ni hodari wa kufagia, ikaona namba inasomwa halafu haitumiwi, ikaufuta mstari wa kwanza. Tangu siku hiyo pampu ikawa inaongozwa na kipimo kilichochelewa dakika tano. Maji yakafurika, yakashuka hadi chumba cha mafaili ya wagonjwa.

Akanipigia simu. "Shikamoo Baba Mwalimu. Ule mstari wa kwanza wa kusoma tangi, ulikuwa wa nini?" Nami, mshauri, kwa aibu tu, nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Hata sikumbuki."

Nakumbuka kila herufi. Alhamisi saa tatu asubuhi ameitwa kikaoni, na nasikia wanataka kumfukuza kwa uzembe. Nimewaza nimshauri chinichini aizuie kompaila isifagie chochote, mambo yarudi kama zamani, nami nisitajwe. Au kosa ni la kompaila? Naomba uniongoze.

Mstaafu

Mzee wangu,

Shikamoo, umenizidi. Heshima nimeshatoa, sasa niache nikugombeze.

Nimemuuliza dada yangu, ambaye hizo kompaila ndizo mkate wake. Anasema kompaila haioni tangi wala pampu. Inaona maandishi tu, na imeajiriwa kufuta yasiyo na kazi. Ndiyo maana lugha yenu ya kuandikia programu ina neno maalumu la kutangulizia kifaa cha namna hiyo, linaloiambia: usomaji huu una athari usiyoiona, usiufute, usiuongeze, usiubadilishie zamu. Ukiliweka, ikafuta, kosa ni lake na ushtaki. Usipoliweka, umeinyima habari. Nikamuuliza, "Na enzi za huyu mzee neno hilo lilikuwepo?" Akacheka: "Lilikuwepo sana."

Na huo mpango wa kuzuia ufagiaji wote, achana nao. Programu nzima itazorota kwa ajili ya mstari mmoja, na siku mwingine atakaporuhusu ufagiaji, mafuriko yatarudi, na wewe huenda usiwepo wa kuulizwa.

Nakuonea huruma, kweli. Kachumba kile ulikipenda, na kukiri kosa unaona kama kukichafua. Lakini huyu mama naye ana kachumba chake, ana watu wa kutaniana nao kazini, na Alhamisi anaweza kunyang'anywa kwa sababu alikuuliza swali la heshima ukamdanganya.

Basi fanya hivi. Leo hii andika ukurasa mmoja: kifaa kina tabia gani, mstari ulikuwa wa nini, neno gani liongezwe na wapi, na kwamba wewe ndiye hukuliweka. Tia sahihi. Watake wajaribu kwenye tangi lenyewe kabla ya kuiamini. Alhamisi vaa shati safi, nenda kikaoni, usome kwa sauti. Wakikuona mzee wa kuhurumiwa, usikubali. Waambie wamwandike yeye kuwa hana hatia kwanza.

Lakini usimwache alisikie jambo hili mle ndani pamoja na mabosi wake. Kikao ni saa tatu. Wewe mfikie nyumbani kwake Jumatano jioni, na ukifika, kabla hajakukaribisha kiti, mwambie.