Mheshimiwa hafi kwa majani ya maboga

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Usimlilie tena mbwa. Kweli Mheshimiwa katafuna nusu ya mmea wangu wa maboga asubuhi hii, lakini hafi. Nimempigia daktari wa mifugo: mmea huo hauna sumu kwa mbwa, ila akizidisha tumbo litamsumbua. Mwekee maji.

Ile habari ya mbwa saba wa bohari ya kazini kwetu walioanguka wakafa kwa kunusa ua la boga ~~naiapia~~ niliitunga, ili mumfunge asinichimbulie bustani. Sikujua ungemkumbatia ukilia vile.

Nimekwenda kununua waya wa uzio. Usinifungie mlango. Mbwa mwenyewe keshanisamehe: kalalia viatu vyangu, nimeondoka na ndara zako.

Baba yao