Nywele za Matanga ya Baba

Liverpool

Dada Eliwaza, shikamoo.

Barua yako ilikuja kwa meli, ikanifikia matanga ya Baba yamekwisha kuanuliwa. Unasema ndugu wote mmenyolewa, kimebaki kichwa changu tu.

Siku ile ile nilikimbilia ofisi ya meli, niache chuo nirudi nyumbani. Karani akaniuliza nataka kusafiri lini. Nirudi kumzika nani? Na Baba mwenyewe ndiye aliyenisindikiza mpaka stesheni ya Itigi, nije kusomea ualimu.

Nikatoka. Mvua ya huku haina radi wala haikomi. Nikatembea humo mpaka kwa kinyozi, nikamwambia anyoe zote. Akanifunga shuka shingoni, akanoa wembe huku akipiga mluzi. Mluzi ule ndio ulionishinda. Nikasimama.

"Nimekukata?" akauliza.

"Hapana. Nimefiwa na baba."

Akanifungua shuka. Nikaondoka na nywele zangu.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema nina haraka kama ng'ombe aliyenusa maji? Safari hii sina haraka. Nitamaliza masomo, na kichwa hiki hakitaguswa na mgeni. Kimekuwa kichaka, wenzangu darasani wanacheka. Wacheke.

Mpe Mama pole zangu, na wanao uwabusu. Wembe mlionyolewa nao usimwazime mtu. Nikifika Kiomboi, usinikumbatie kwanza. Ninyoe, ndipo nilie.

Mdogo wako,
Yona