Nukta Nilizopiga kwenye Kadi ya Masanja

Jumanne. Upepo wa kiangazi umetulisha vumbi tangu asubuhi.

Bariadi nzima hakuna mzee anayejua kulea mjukuu kama mimi.

Uongo. Nimeandika hivyo kujipa moyo tu.

Binti yangu Kabula ni nesi kwenye zahanati moja upande wa Nkololo. Anapanda bodaboda kabla hakujapambazuka, anarudi mwanawe Masanja kashalala. Mumewe ni mwalimu huko Lalago. Tunamwona Jumapili, anakula, anafuliwa, anaondoka. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na mlezi wa kutwa ni mimi, babu mwenye meno sita.

Kazi niliyopewa ni ndogo: uji wa maziwa mara tatu kwa siku, na kliniki kila mwezi. Lakini uji unataka mtu asimame akoroge, nami nina bao langu la kucheza. Chai ya rangi yenye sukari nyingi haina usumbufu. Masanja akinywa ananyamaza, anacheka, ananiita guku, yaani babu kwa Kisukuma. Nikajiona fundi.

Kliniki nilikwenda mara moja. Foleni nzima kina mama, wakaniangulia kicheko: "Guku, na wewe unanyonyesha?" Mimi kutania watu najua. Kutaniwa nilishindwa. Sikurudi.

Ila kadi ya kliniki ilitaka nukta ya uzito kila mwezi. Darasa la nne nililoishia linatosha kupiga nukta. Miezi mitatu nimezipiga mwenyewe, kwenye kijani, kila moja juu kidogo ya mwenzake. Kabula akiitazama kadi kwa macho ya usingizi anasema, "Asante, baba."



Leo amerudi jua lingalipo, akasema atamwogesha mwanawe kwa mkono wake. Mara nikasikia maji yamenyamaza. Alikuwa anamhesabu mbavu. Akatoa mfukoni ule utepe wa kupimia mikono ya watoto, akamzungushia. Ukasimama kwenye njano. Maana yake mtoto ameanza utapiamlo.

Akaiomba kadi.

"Baba, nukta hizi kapiga nani?"

"Nesi."

"Nesi yupi?"

Nikainama kuokota sabuni.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni kwenye maji, na sare yake nyeupe. "Leo nimepima watoto arobaini wa watu. Nikiacha kazi tutakula nini? Nisipoacha, huyu nimwachie nani?"

Hakuniambia mimi. Aliuambia ukuta.

Kesho ataondoka tena, hana wa kumshikia zamu. Na mtoto atabaki na mimi, maana hakuna mwingine. Jioni kanifundisha upya kukoroga uji, taratibu, kwa sauti ile anayowasemesha wagonjwa asiowajua. Bora angenitukana.

Jirani yangu Shija, najua hulisoma daftari hili nikiliacha barazani, ya watu hayakupiti. Ulipokwenda msibani Mwamapalala nilikuchungia ng'ombe siku tatu, ukasema nikikwama nikwambie. Nimekwama. Naomba kikombe kimoja cha maziwa kila asubuhi, cha uji wa mtoto. Nitakuja kukichukua mwenyewe.